Formasyo ya sabuni upande wa Nyawera: nilienda kutafuta mapishi, nikarudi na hesabu

Bamama batatu bameniuliza hii wiki kama ile formasyo ya kujifunza kupika sabuni iko ya kweli ao ni ya kula tu franga za batu, basi naona heri niandike hapa mara moja, nichoke mara moja. Iko ya kweli. Ila kuna mambo ilinikasirisha na nitaisema yote, juu nililipa dola 25 na kwangu dola 25 haiokotwe mu barabara.

Kwanza mujue nani anaandika. Mi nauzaka sabuni ku soko ya Kadutu, huku Bukavu, mwaka wa ine huu, ile sabuni ya kipande ya kufulia, ya mawese. Na miaka yote hiyo nilikuwa napika kwa jicho. Kwa jicho ni hivi: bido ya mafuta lita 5, soda kostike (si ya kunywa, ile ya kupikia sabuni, inachoma) kilo moja, maji ile mukono unaona inatosha, koroga mpaka ishikane, mwaga mu kisanduku, kesho kata. Nani alinifundisha? Shangazi. Shangazi naye nani alimufundisha sijui, na hakuna siku mutu aliuliza mbona soda ni kilo moja, si kilo na nusu ao nusu kilo, ilikuwa kilo moja juu soda inauzwaka kwa kilo moja, ni hiyo tu.

Sasa ikafika siku mama mumoja mufuaji, kliyenti wangu wa kila wiki, akanitolea mikono yake pale ku meza bila kusema kitu, ngozi ya katikati ya vidole ilikuwa imeambuka kama kiazi cha kuchemsha. Nikamurudishia franga zake nikamwongezea. Nikaenda nyumbani nikasema soda iko mingi, tupunguze. Mara iliyofata nikatia nusu kilo, na ile soda ilikuwa imekaa mu mufuko wazi wiki mbili mu hii baridi yetu ya Bukavu, mvua asubuhi mvua mangaribi. Sabuni ikatoka laini kama mukate wa jana, inateleza, shati ya masomo ya mutoto ikabaki na doa ya manjano, na kisha wiki kadhaa ikaanza kunuka mafuta ya kuoza. Nikamulaumu muuza mafuta. Muuza mafuta akasema ni soda. Muuza soda akasema ni miye.

Njo nikaenda formasyo.

Ni masiku ya posho tatu, ni kusema Jumamosi tatu, mu nyumba moja upande wa Nyawera, jina siweke hapa, anayetaka aniandikie pembeni. Tulikuwa batu 14, bamama 9. Mwalimu ni papa mumoja aliyefundisha shimi (kemia) mu sekondari miaka mingi, ana sauti ya pole, shati yake ina matundu madogo madogo ya kuungua na soda, kitu ile peke yake ikanipa imani. Walisema tuanze saa mbili na nusu. Tulianza saa ine. Posho ya pili vilevile, ya tatu vilevile, kwa hiyo wewe unayeenda fika saa ine kasoro, usijitese, usiache batoto bila chai bure kama miye.

Posho ya kwanza nilitaka kutoka. Haki. Nilikuja kuona sufuria, yeye anaandika ku tablo, na ile kartasi alitupatia yote ni Kifaransa cha masomo, kuna mama pale aliachia masomo mu mwaka wa ine ya primeri, anaangalia ile kartasi kama barua ya tribinali. Hiyo ni kosa, na nilimwambia mwalimu kwa heshima: papa mwalimu, hii kartasi umeiandikia nani? Akacheka, akafuta tablo yote, akatoa chini ya meza mufuko wa vifuniko. Vifuniko vya chupa za bière, na vifuniko vikubwa vya makopo ya maziwa. Kutoka pale formasyo ikabadirika, na kama si ile mufuko leo ningekuwa naandika maneno mengine.

Akasema: kifuniko kikubwa ni mafuta. Kila chembe ya mafuta iko na mikono tatu. Kifuniko kidogo ni soda, kila soda inashika mukono moja tu. Mafuta moja inataka soda tatu, si mbili, si ine. Zikishikana, mikono yote tatu inatoka na kuwa sabuni tatu, na ule mwili uliokuwa umebeba mikono unabaki peke yake, njo gliserini. Akaweka ku meza vifuniko vikubwa 5 na vidogo 12, akatuuliza: nani ataisha mbele?

Sisi wote, mafuta! Mafuta ni 5, soda ni 12, hiyo si ya kuuliza. Mama mumoja wa Bagira akasema ata kwa sauti kubwa, "papa, ata mutoto anaona soda iko mingi." Mwalimu akamwambia mama kuja, kamata mwenyewe, panga. Mama akaanza: kubwa moja, ndogo tatu, pembeni. Kubwa ya pili, ndogo tatu, pembeni. Ya tatu. Ya ine. Akafika ya tano akapeleka mukono, hakuna kifuniko kidogo. Akaangalia chini ya meza kama kuna kimeanguka. Tulicheka mpaka tulitoka machozi lakini kila mutu alikuwa amefunga hesabu mu kichwa: mwenye namba kubwa njo ameisha mbele, juu alikuwa anatumiwa tatu tatu. Na ile mafuta ya tano inabaki pale, haina mwenzake, haigeuke sabuni ata ukoroge mpaka asubuhi.

Batoto ba masomo banaita hii kitu reaktifu limitanti. Sisi mu ile nyumba tuliiita "mwenye kuisha mbele", na mpaka posho ya tatu mwalimu naye alikuwa anasema vilevile.

Kisha akaleta mizani. Moja, kwa batu 14, betri inakufa kila nusu saa, hiyo nayo ni kosa niliandika mu kaye yangu. Akasema vifuniko unahesabu kwa mukono, lakini chembe za soda hauwezi kuhesabu, njo tunapima gramu halafu tunageuza kuwa moli, moli ni kama kusema dazani, ila ni dazani kubwa sana. Soda gramu 40 ni moli moja. Mafuta ya mawese gramu 848 ni moli moja, hiyo ya mafuta ni ya wastani juu mawese si kitu kimoja, ni mchanganyiko, zaidi asidi ya palmitiki na ya oleiki. Kwa hiyo mafuta gramu 848 inataka soda mara tatu ya 40, ni 120. Kilo moja ya mafuta inataka kama gramu 141 ao 142. Hapo nilihesabu ku telefone yangu mara mbili juu sikuamini. 142 kwa kilo! Na miye nilikuwa nasukuma kilo nzima mu bido moja!

Akaniomba niende ku tablo na resepi ya shangazi. Nilitetemeka kidogo, tangu nimalize masomo sijashika krayo ya tablo. Lita 5 ya mawese tulipima ikaleta kilo 4 na nusu, mujue lita si kilo, mafuta ni nyepesi kuliko maji, hapo batu bengi banapotelea. Gramu 4500 gawanya kwa 848, moli 5.3. Soda gramu 1000 gawanya kwa 40, moli 25. Sasa usilinganishe 5.3 na 25 hivyohivyo, hiyo ni kosa ya mama wa Bagira, gawanya kwanza ile 25 kwa tatu juu soda inatumiwa tatu tatu, inakuwa 8.3. Mafuta inagawanywa kwa moja, inabaki 5.3. Mwenye kadogo njo mwenye kuisha mbele: mafuta. Na kutoka pale hesabu yote ya sabuni unafanya na ule mwenye kuisha mbele peke yake, huyu mwingine mwache, ata akiwa mlima. Moli 5.3 ya mafuta inatoa sabuni kama kilo 4 na gramu 650, na imetumia soda gramu 637.

Basi 1000 toa 637, akauliza mwalimu.

363.

"Hiyo 363 iko wapi, mama?"

Sikujibu. Ilikuwa mu vidole vya ule mama mufuaji.

Nilikaa chini. Mama wa pembeni yangu akanishika bega. Nawaambia ukweli, ile dakika njo ilikuwa bei ya formasyo, ata bangenifukuza pale ningeenda bila kuomba franga zangu.

Ile sabuni yangu ya pili tuliifanya pia. Nusu kilo ya soda, lakini soda ya mufuko wazi inavuta maji ya hewa, ile kilo unapima sehemu yake ni soda sehemu ni mvua, tena inakula gesi karboniki ya hewa inageuka kitu kingine haifanye kazi moja. Mwalimu akasema tuseme imebaki nzuri asilimia 80. Basi gramu 400, moli 10, gawanya kwa tatu, 3.3. Sasa 3.3 njo kadogo, soda imeisha mbele, sabuni inatoka kilo 2 na gramu 900 tu na mafuta zaidi ya kilo moja na nusu inabaki mbichi ndani. Njo ile doa ya manjano ku shati. Muuza mafuta hakuwa na kosa. Muuza soda hakuwa na kosa sana. Nilienda kumwomba muuza mafuta pole, akanipa kipimo cha nyongeza, lakini hiyo ni habari ingine.

Kitu kilichonifurahisha zaidi, na sijaona mutu akikieleza vile, ni kwamba ku sabuni wewe mwenyewe njo unachagua nani aishe mbele. Mu masomo banakupa namba, unatafuta. Kwetu sisi tunapanga. Hautaki soda ibaki, juu soda inachoma. Mafuta kidogo ikibaki haina neno, inalainisha mukono. Kwa hiyo unapunguza soda makusudi asilimia 5: badala ya 637 unatia 605. Sasa soda njo inaisha mbele, kwa amri yako. Sabuni inatoka kama kilo 4 na gramu 400, gliserini kama gramu 460, mafuta inabaki gramu 225 hivi. Jumlisha hizo tatu, inarudi kilo 5 na gramu mia moja, sawasawa na mafuta na soda ile ulitia. Hakuna kilichopotea njiani. Nilijumlisha mara tatu, miye ambaye kasha yangu ya soko haijumlishike kamwe.

Lakini wakati tulipima sabuni yenyewe ikaleta zaidi ya kilo 6, papa mumoja akaruka, mwalimu hesabu yako imekosa! Haikukosa, ni maji. Tulikuwa tumetia maji lita moja na kitu ya kuyeyusha soda, na iko bado ndani, na gliserini pia iko ndani, njo maana sabuni mpya ikikauka wiki ine mpaka sita inapunguka uzito. Anayeuza sabuni ya juzi kwa kilo anauza maji. Sitaje batu, munajijua.

Mambo ya usalama aliifundisha vizuri, sina neno. Soda njo unatia mu maji, pole pole, si maji juu ya soda, juu inapanda moto sana na inaweza kuruka mu macho. Siki tayari kwa meza, si ya mwili, mukono ukiguswa ni maji mingi ya kukimbia, siki ni ya kupangusa meza. Na sufuria za aluminium, hizi tunapikia bugali, hapana kabisa. Alituonyesha nje: kipande kidogo cha sufuria ya zamani mu kopo ya soda, ikaanza kuchemka yenyewe bila moto, ile povu ni hidrojeni, inawaka. Mimi nilikuwa natumia aluminium mwaka wa kwanza wote! Na angalia, aluminium inakula soda, kwa hiyo ata kama umepima vizuri, sufuria imekuibia, na mwenye kuisha mbele anageuka bila wewe kujua. Hiyo nilipenda, kila kitu alikirudisha pale pale.

Alileta na historia, kidogo, kati ya chai na mandazi (mandazi tulilipa sisi). Kwamba ni Mfaransa mumoja Chevreul mwaka 1823 alieleza mafuta imetengenezwa na nini, gliserini imeshikana na asidi, na huyo Chevreul aliishi miaka 102, mama mumoja akasema ni sababu ya sabuni. Na kwamba mwaka 1911 Mwingereza William Lever alipewa na Babeljiji mapori makubwa ya mawese huku kwetu Congo, bababu bakapanda miti ya mawese kwa kulazimishwa, mafuta ikasafiri kufanya sabuni Ulaya. Mwalimu akasema, "mafuta ilitoka huku, hesabu ikabaki kule." Akarudi ku tablo.

Sasa mabaya, mbali na saa na kartasi na mizani. Breve, ile kartasi ya kuonyesha umemaliza formasyo. Walitangaza dola 25 yote ndani, siku ya mwisho tunaambiwa breve ni dola 5 zingine. Sikulipa. Kliyenti wa Kadutu haulizake breve, anauliza kama inatoa povu. Tena walitangaza watafundisha na sabuni ya maji, ile inapikwa na potasi pahali pa soda, tukangojea, posho ya tatu ikafika saa nane mwalimu anasema potasi haikufika. Haikufika kutoka wapi? Hakuna aliyejibu.

Na kosa kubwa, hii naiandika ili isikupate: alitupa ile 142 kama neno la Mungu. Hakusema kwamba ni ya mawese peke yake. Mwezi uliofata nikapata mafuta ya kokwa za mawese kwa bei nzuri, ile ya ndani ya mbegu, si ile nyekundu, nikachukua kilo 2, nikapiga hesabu yangu kwa kiburi, 142 mara mbili toa asilimia 5, gramu 270. Nikapima vizuri, sufuria ya inox, glavu, kila kitu. Ikatoka inateleza. Nililala nikiwaza shangazi anacheka kule aliko. Asubuhi nikamupigia mwalimu, akanyamaza kidogo akasema, ah mama, nilisahau kuwaambia, mafuta ya kokwa iko na chembe fupi, nyepesi, kwa hiyo kilo moja inabeba chembe mingi zaidi na mikono mingi zaidi, inataka soda kama gramu 173 kwa kilo. Nilipaswa kutia kama 346 nzima, ao hata nikipunguza yangu, 329. Zaidi ya moja ya tano ya mafuta ilikuwa haijashikwa. Nilisahau! Kilo mbili za mafuta yangu zinalipa hiyo "nilisahau". Nashukuru alipokea simu na alieleza mpaka nikaelewa, batu bengine bakishakula franga zako namba yao haipatikane tena. Ila hiyo ni ya kuandika ku kartasi mustari wa kwanza, kwa herufi kubwa: kila mafuta na namba yake.

Mutoto wangu wa kwanza anasoma Bio-Shimi, anajitayarisha egzame ya Leta, ile ya kumaliza sekondari. Nilimwonyesha kaye yangu. Akasema mama hii tumesoma, akanisomea kanuni yote bila kuangalia, n ni sawa na m gawanya kwa M (moli ni gramu ulipima gawanya kwa gramu za moli moja), haraka kama sala. Nikamwuliza, basi sabuni ya mama ilichoma batu kwa nini? Akanyamaza. Nikamutolea vifuniko. Sasa mangaribi ananisaidia kupima, na anapenda kunisahihisha mbele ya bageni, kitu hicho nakivumilia.

Ule mama mufuaji amerudi. Nilimupa kipande bure, cha wiki tano, akakaa nacho siku mbili bila kusema kitu, siku ya tatu akanunua vipande kumi, akanionyesha mikono tena, hivihivi, pande zote mbili.

Kwa anayetaka kwenda: beba mizani yako mwenyewe na betri mbili, beba mandazi, uliza namba ya kila mafuta hata kama mwalimu anaona ni kumusumbua, na breve ukatae. Ku tano mi nawapa ine. Bametangaza tena ile ya sabuni ya maji mwezi ujao. Nitaenda, lakini nitalipa nusu mbele, na nusu siku nikiona potasi ku meza.